Uzamili wa elimu na dini katika jamii: nibaki Mlimani, nisome Huria, nivuke Kenya au niombe nje?

NyotaYaPangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, mwaka wa tisa sasa, nafundisha Historia na Uraia. Shahada ya kwanza nilimaliza kwa GPA ya 3.6. Nina watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu. Nataka kwenda uzamili, na safari hii sitaki kuchukua kozi kwa sababu tu ipo karibu au kwa sababu wenzangu wote wameichukua. Nataka kuchunguza jinsi elimu na dini zinavyoishi pamoja katika jamii yetu.

Swali langu limetoka darasani. Wanafunzi wangu karibu wote wana walimu wawili. Asubuhi wako na mimi, jioni wako kwa ustadhi madrasa, na wale wengine Jumamosi wako kwenye mafundisho ya kipaimara. Mwaka jana nilikuwa nafundisha habari za biashara ya watumwa pwani. Kijana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, ustadhi ametueleza vingine." Nikamwambia aeleze alivyosikia. Darasa lilitulia kuliko linavyotulia kwangu siku yoyote. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza mtoto anazipangaje elimu mbili kichwani, ipi anaipa uzito wakati gani, na kama sisi watu wazima tunazungumza wenyewe kwa wenyewe au tumemwachia yeye kazi yote ya kupatanisha.

Nimebakiwa na njia nne:

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), ama Shule Kuu ya Elimu ama idara ya falsafa na taaluma za dini. Chuo Kikuu Huria, nisome huku nafanya kazi. Kenya, hasa Moi kule Eldoret au chuo kikuu cha Kikatoliki, CUEA, Nairobi. Na nje kwa ufadhili, Uingereza kwa Chevening au Ujerumani kwa DAAD.

Mliopita huko naomba mnieleze kwa uwazi. Nina miezi michache ya kuamua.

MwanaPugu

Mwalimu, hongera kwa kuanza na swali. Wengi tunaanza na jina la chuo, swali tunalitafuta tukiwa mwaka wa pili na ada imeshalipwa.

Mimi ni wa Mlimani, nimepita elimu. Kabla hujalinganisha vyuo, linganisha nyumba mbili zilizo ndani ya chuo hichohicho, kwa sababu tofauti kati ya idara ya elimu na idara ya dini ni kubwa kuliko tofauti kati ya Dar na Eldoret. Ukikaa elimu, utasoma mitaala, sera, mbinu za utafiti, historia ya elimu Tanzania, na dini itaingia kama sehemu ya mazingira ya shule. Ukikaa dini, utasoma nadharia za dini, historia ya Ukristo na Uislamu Afrika, dini za jadi, na shule itaingia kama mojawapo ya mahali dini inapoonekana. Mtoto wako wa kidato cha pili ni yuleyule, lakini upande wa kwanza utamuona kama mwanafunzi mwenye imani, upande wa pili kama muumini anayekwenda shule. Sura za tasnifu hazitafanana.

Kwa swali ulilolileta, mimi ningekaa elimu, kisha ningeomba msimamizi wa pili kutoka dini. Hilo ni jambo la kuzungumza na idara mapema, kabla ya kujaza fomu.

Na usidhani nyumbani hakuna cha kusoma. Pugu yangu ilikuwa shule ya Wakatoliki, Mwalimu Nyerere alifundisha pale kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Minaki ilikuwa ya Waanglikana. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 zikawa za serikali, na mtoto wa dini yoyote akaingia. Halafu mwaka 1992 serikali na makanisa wakatiliana saini makubaliano juu ya huduma za elimu na afya, na mpaka leo makubaliano hayo yanajadiliwa kwa hisia kali, hasa na Waislamu wanaohoji usawa wake. Mtu anayeweza kukaa na nyaraka za pande zote na kuandika kwa utulivu anahitajika sana hapa kwetu.

AfisaUtumishi_Kanda

Naongea kama mtu ninayeshughulika na faili za watumishi. Mwalimu, kabla ya Mlimani au London, anza na ofisi ya Mkurugenzi wako. Hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na barua ya ruhusa ya masomo uwe nayo mkononi, imesainiwa. Nimeona walimu wazuri wakiondoka kwa ruhusa ya mdomo ya mkuu wa shule. Mkuu akahamishwa, aliyekuja akakuta nafasi wazi, mwalimu akaandikiwa mtoro kazini na mshahara ukasimama. Kurekebisha kunachukua muda mrefu kuliko kozi yenyewe.

La pili, fikiria jina litakaloandikwa kwenye cheti. Uzamili wa Elimu katika utawala na mipango unaeleweka na kila kamati ya ajira. Uzamili wa dini utakufanya ueleze kila mara wewe ni mwalimu au ni mchungaji. Huria wanayo kozi ya utawala, mipango na sera za elimu, unasoma ukiwa kazini, mshahara unaingia, watoto unao. Kwa hali yako mimi sioni sababu ya kuhangaika.

NyotaYaPangani

Asante sana afisa, la barua nimelichukua na kesho naanzia hapo.

La kozi ya utawala naomba nikujibu kwa moyo mweupe. Nikitaka kuwa mkuu wa shule ningeifuata kozi hiyo. Lakini sitaki kwenda kusoma jinsi ya kuendesha ofisi wakati kinachoninyima usingizi ni yule kijana. Miaka miwili ni mingi kuitumia kwenye swali ambalo si lako.

MwanaUasinGishu

Salamu kutoka Eldoret, mwalimu. Nikupe picha ya Kenya, kwa sababu wengi hulinganisha karo pekee.

Kwetu somo la dini ni somo la mtihani wa taifa lenye watahiniwa wengi sana, Elimu ya Dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Matokeo yake ni kwamba vyuo vikuu vinafunza walimu wa masomo hayo, na idara za dini zimezoea kuzungumza na vitivo vya elimu. Moi, Nairobi na Kenyatta zote zina idara zinazounganisha dini na falsafa. Kwa hiyo mtu mwenye swali kama lako haonekani amepotea njia. Wahadhiri wengi wenyewe walianza kama walimu wa somo la dini shuleni.

Jambo la pili ni kesi. Kenya mivutano ya dini na shule hufika mahakamani, na hukumu zinasomeka. Chukua ile ya hijabu ya Isiolo. Shule ni ya umma, mdhamini ni Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ikawaruhusu wasichana Waislamu wavae hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu dai lenyewe halikuwa limeingizwa mahakamani kwa utaratibu unaofaa. Mwaka huohuo wa 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba msichana Mrastafari aliyekuwa amefukuzwa shule ya upili Nairobi kwa sababu ya nywele zake arudi darasani. Ukisoma hukumu hizi mbili kwa makini utaona maswali yote ya taaluma hii: shule ni ya nani, mdhamini ana haki gani, imani ni nini, sare ni nini. Mimi nilizitumia semina nzima na bado sijamaliza kuzifikiria.

Ugumu upo. Ukija Kenya na utafiti wako unafanyika Tanga, utakuwa unalipa nauli kwa ajili ya data yako mwenyewe. Ukiamua kufanya utafiti Mombasa au Kwale, utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, na utakuwa mgeni kidogo, ingawa lugha ni yako. Na cheti ukirudi nacho kitapita TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, kwa utambuzi. Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, lakini makaratasi bado ni makaratasi.

CUEA ni sehemu tulivu ya kusoma, ilianza 1984 kama taasisi ya maaskofu wa Afrika Mashariki. Waislamu na Waprotestanti wamesoma pale. Ila ujue unaingia nyumba yenye mwenyewe, na mwenyewe ana mtazamo wake juu ya elimu. Hilo si baya. Litaje tu ndani ya tasnifu yako.

MamaZawadi

Mdogo wangu Nyota, mimi ni Mlutheri na nilisoma uzamili katika chuo kinachomilikiwa na kanisa. Chuo sitakitaja kwa sababu nina jema na gumu la kusema.

Gumu ni usimamizi. Msimamizi wangu alikaa na sura yangu ya pili miezi saba. Nilikuwa nasafiri usiku kucha kwa basi, nafika ofisini kwake naambiwa yuko safari. Nililia kwenye ngazi za jengo lile na sioni aibu kusema. Ndiyo maana nawaambia wote wanaoniuliza: tafuta wanafunzi wawili waliomaliza chini ya mtu huyo, waulize anarudisha kazi baada ya muda gani. Jina kubwa lisiloonekana ofisini halikufikishi mahafali.

Jema ni lililotokea kwenye utafiti wenyewe. Nilikuwa nalinganisha shule ya Jumapili ya usharika wetu na madrasa ya mtaa wa pili. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikaenda kwa ustadhi, mzee wa makamo, nikaomba niruhusiwe kukaa nyuma. Akanitazama kwa muda, akaniuliza: "Mama, umekuja kusoma, au umekuja kutusoma?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ukweli, kwamba nimekuja kuwasoma, lakini nikiona cha kujifunza nitajifunza. Akasema, "Basi kila ukitusoma, uje utusomee ulichokisoma." Nikakaa pale wiki sita, mkekani na watoto. Kila Ijumaa baada ya Alasiri nilimsomea maandishi yangu. Alinisahihisha mambo matatu makubwa. Moja nililikumbuka hata siku ya kutetea tasnifu. Nilikuwa nimeandika kwamba watoto wanakariri bila kuelewa. Akaniuliza watoto wa usharika wangu wanapoimba pambio la Kihehe wakati wao ni Wapare, wanaelewa maneno yote? Hawaelewi. Kwa nini basi sikuandika hivyo kwa wao? Nilirudi nikafuta ukurasa mzima.

Sasa wewe Mwislamu au Mkristo, sijui na sikuulizi. Lakini utakapochagua chuo, uliza pia kama watakupa nafasi ya kukaa muda mrefu na watu. Kozi ya haraka haraka haitakupa Ijumaa sita.

Mkunazini

Nimesoma uzi huu wote nikiwa Unguja, na maneno ya ustadhi wa MamaZawadi yamenigusa, kwani ndani yake umo ufumbuzi wa jambo ambalo wengi huwatatiza.

Kusoma dini ni kitu kimoja. Kuisoma dini ni kitu kingine. Anayesoma dini anataka kuijua ili aiishi, na mwalimu wake ni sheikh au padri. Anayeisoma dini anataka kujua watu wanaifanyia nini na inawafanyia nini, na mwalimu wake anaweza kuwa wa dini yoyote au asiwe na dini. Mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili, ila asiyachanganye kwenye maombi ya chuo. Ukiomba chuo kikuu cha Kiislamu Madina au Al-Azhar, mlango mkuu ni wa kwanza. Ukiomba Mlimani au Moi, ni wa pili. Kuna vinavyojaribu kubeba yote, kwa mfano chuo kikuu cha Kiislamu cha Malaysia, ambacho kina kitivo kizima cha elimu na kinafundisha kwa Kiingereza. Dada Nyota huko hajakutaja, nami nampa akutazame.

Halafu hebu tulitazame neno lenyewe "chuo". Bibi yangu akisema "mtoto yuko chuoni" alikusudia kwa mwalimu wa Kurani. Nyie wa bara mkisema yuko chuoni mnakusudia Mlimani au Dodoma. Na zamani zaidi chuo kilikuwa kitabu. Nchi ambayo neno moja limebeba kitabu, madrasa na chuo kikuu ina habari ndefu ya kusimulia juu ya elimu na dini. Serikali ya kikoloni hapa Unguja ilipoona wazazi wanasita kupeleka watoto skuli, ilibidi iiingize Kurani ndani ya ratiba ya skuli. Na mtu kama Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa 1912, alikuwa mwalimu wa skuli za serikali na mwanachuoni kwa wakati mmoja, kisha mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Swali lako la mtoto mwenye walimu wawili, yeye alikuwa walimu hao wawili katika kanzu moja.

Ukija kutafuta nyaraka, Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Vibali vya utafiti vya Zanzibar vina utaratibu wake, barua ya mkoa wa Tanga haitakufikisha.

Kibarua_wa_Midlands

Naandika kutoka Uingereza, nilikuja kwa Chevening na nilikuwa mwalimu kama wewe.

Masharti unayafikia. Wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, wewe unayo tisa. Unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Ufadhili unalipa ada, nauli na posho ya kuishi. Insha za maombi ndizo zinazopambanua watu, na ile hadithi ya kijana wa kidato cha pili ikiandikwa kama ulivyoiandika hapa, inatosha kufungua mlango.

Kitaaluma utapata kitu ambacho kwetu bado ni kichanga. Huku somo la dini shuleni ni la lazima tangu sheria ya 1944, mzazi ana haki ya kumtoa mtoto wake, na kwa sababu hiyo wamebishana miaka themanini juu ya jinsi ya kufundisha dini kwa mtoto asiye wa dini hiyo. Ninian Smart alianzisha idara ya taaluma za dini Chuo Kikuu cha Lancaster mwaka 1967 akisisitiza dini isomwe bila kumtaka mtu aiamini. Birmingham alikuwepo John Hull, profesa aliyekuwa kipofu, aliyeandika sana juu ya darasa lenye watoto wa dini mbalimbali. Warwick, Robert Jackson alianzisha kitengo cha utafiti wa dini na elimu mwaka 1994, na watu wake walikwenda majumbani kwa watoto wa Kihindu, Kiislamu na Kikristo kuona dini inavyoishi nje ya vitabu. Hicho ndicho unachotaka kufanya Tanga.

Sasa mambo mawili magumu. Kwanza, uzamili huku ni mwaka mmoja. Tasnifu unaiandika miezi ya kiangazi, na ukitoa muda wa kibali cha maadili, unabaki na wiki chache za kukusanya data. Ijumaa sita za MamaZawadi utazipata kwa shida, au utaishia kufanya mahojiano kwa simu. Pili, tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kozi za darasani haruhusiwi kuja na mwenza wala watoto. Mimi nilikuja kabla ya hapo na familia yangu ilikuwa nami. Leo ningeulizwa kama ningekuja peke yangu, ningewaza sana. Mwaka mmoja kwa mtoto wa darasa la tatu si mfupi. Sikukatazi dada. Nakuomba tu hilo ulizungumze nyumbani kabla hujafurahia barua.

MwanaUasinGishu

Kibarua amesema kweli juu ya wiki chache. Kwetu uzamili huwa miaka miwili kwa karatasi, na wengi wanazidisha. Kuchelewa kunachosha lakini kwenye utafiti, pamoja na watu, unakaa.

Bayreuth_Kiswahili

Niongeze upande wa Ujerumani, maana naona umetajwa kwa neno moja.

Habari mbaya kwanza, mwalimu. DAAD kwa programu nyingi wanataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Kwa miaka tisa ya kazi, mlango huo umekaribia kufungwa kwa uzamili, lakini ukimaliza uzamili mahali pengine unafunguka upya kwa uzamivu. Kujilipia mwenyewe ni kugumu. Vyuo vya serikali hapa Bavaria kwa sehemu kubwa havitozi ada, lakini ubalozi unataka kuona akaunti iliyofungwa yenye fedha za kuishi mwaka mzima, euro 11,904 kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024. Tena programu nyingi za uzamili za taaluma za dini zinafundishwa kwa Kijerumani. Tazama lugha kabla ya kutazama picha za maktaba.

Habari njema ni hii. Chuo Kikuu cha Bayreuth, hapa Bavaria, wana taaluma ya dini za Afrika iliyokomaa, wanafundisha Kiswahili, na kila mwaka hufanya kongamano la Kiswahili ambako watu wanawasilisha makala kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Na mradi wao mkubwa wa utafiti wa Afrika, ulioanza 2019, una vituo vyake barani, kimojawapo kiko Moi, Eldoret. Kwa hiyo Eldoret na Bayreuth si njia mbili zinazopishana. Moja inaweza kukupeleka kwenye nyingine.

Halafu, unatoka Tanga! Shule ya kwanza ya serikali ya Wajerumani katika nchi yetu ilifunguliwa Tanga mwaka 1892. Ilikuwa shule isiyofundisha Ukristo, ikasomesha watoto wa Kiislamu wa pwani waje kuwa makarani na walimu, na wamisionari wakailalamikia kwa sababu hiyohiyo. Mafaili ya enzi hiyo mengine yako Dar, Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, mengine Berlin. Swali la mtoto wa Tanga kati ya shule na madrasa lina zaidi ya miaka 130 kwenye makabati. Mtu wa Tanga kulichukua tena, mimi ningefurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

MwanaPugu

Hilo la 1892 ndilo sura yako ya pili, mwalimu. Usiliache.

Na kwenye kusoma, tafuta mjadala wa Makerere wa miaka ya sitini. John Mbiti wa Kitui alikuwa anafundisha pale tangu 1964, akieleza kwamba Mwafrika na dini hawatengani. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, akampinga kwa nguvu, akisema wasomi wetu wanaivisha miungu ya Afrika nguo za kigeni. Ukiwasoma wote wawili kwa wiki moja utajua mwenyewe umesimama wapi.

AfisaUtumishi_Kanda

Nimefuatilia. Nabadilisha sehemu ya ushauri wangu. Sikujua kwamba swali hili lina kina hiki. Kama ni Mlimani upande wa elimu, cheti kitasoma "elimu", nawe utachunguza unachotaka ndani yake. Hapo ofisi na moyo vyote vimepona. Huria bado naipa nafasi endapo ruhusa itachelewa. Na kwa vyovyote, barua kwanza.

NyotaYaPangani

Wakuu, nilikuwa kimya wiki mbili, nilikuwa nazunguka na hayo mliyonipa. Nawarudishia mrejesho.

Barua ya maombi ya ruhusa nimeipeleka kwa Mkurugenzi, nakala nimegongewa muhuri wa kupokelewa.

Nimezungumza na mume wangu na mama yangu juu ya Uingereza. Mama alisema nenda, watoto nitawalea. Mume wangu naye hakunizuia. Mimi ndiye niliyesema hapana, kwa sasa. Si kwa sababu ya watoto peke yake. Ni zile wiki chache. Nimehesabu, na kazi ninayotaka kuifanya haiingii humo.

Nimechagua Mlimani, elimu, na nimemwandikia mhadhiri mmoja wa upande wa dini nikimweleza swali kwa ukurasa mmoja. Alinijibu siku ya tatu kwa maswali manne, na kwa ushauri wa MamaZawadi nimepata wanafunzi wake wawili wa zamani. Wote wawili wamesema anarudisha kazi ndani ya mwezi. Kenya naiweka kama njia ya pili endapo Mlimani watanikatalia. Ujerumani nimeiandika kwenye daftari, ukurasa wa uzamivu, pamoja na neno Upanga na mwaka 1892.

Jambo moja la mwisho. Nilikwenda kwa ustadhi wa wanafunzi wangu, yule yule aliyewaeleza vingine. Nilitaka kumwomba ruhusa mapema, nikamweleza kwamba nataka kukaa madrasa nisikilize. Akanikubalia. Kisha akasema, "Na mimi mwalimu, miaka yote hii sijui unawafundisha nini." Nikazungumza na mkuu wa shule. Alhamisi ustadhi alikuja, akakaa dawati la nyuma kwenye kipindi changu cha Historia, dakika themanini, akaandika kurasa mbili kwa hati ya Kiarabu. Leo baada ya Alasiri naenda kwake anisomee alichokiandika.